Ubeti wa Hereni

Bendi yetu ilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyoning'oa jino. Wimbo mpya haukwenda studio kabla ya kupigwa kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, pale Kihesa, Jumapili mchana. Ubeti ambao wanywaji waliupokea na kuuimba pamoja nasi ulibaki. Ambao hawakuupokea ulikatwa, hata kama mtunzi aliukeshea. Sheria hiyo aliitunga kaka yangu, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa bendi. Mimi nilikuwa mwimbaji na mtunzi, kwa hiyo aliyekuwa akikatwakatwa ni mimi.

Ubeti wenyewe ulimhusu mama yetu. Ulianza hivi: Baba akishika mkanda, mama anavua hereni. Sikubuni kitu. Nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, kila baba alipoinuka kwenda kuuchukua mkanda msumarini, mama aliharakisha kuvua hereni na kuziweka juu ya kabati, kwa sababu kuna siku hereni moja ilibaki mkononi mwa baba ikiwa na kipande cha sikio. Kisha alipigwa. Mkanda, ubapa wa panga, mara nyingine mchi. Mimi na kaka tulikaa chini ya meza tukisikiliza. Kwa hiyo kaka aliujua ubeti ule kabla sijauandika.

Tulipoupiga kilabuni watu walikuwa wakicheza, na tulipofika kwenye ubeti ule wakanyamaza. Mama muuzaji alibaki amesimama na jagi mkononi, ulanzi ukimwagikia kanga yake asione. Mzee mmoja akatoka nje. Nikajua nimewapata. Lakini wakati tunafungasha vyombo, kaka akasema ubeti umekufa, hakuna aliyeupokea. Nikamwambia kunyamaza kule ndiko kuupokea. Akasema mtu hatoki kwake Jumapili aje kulizwa.

Tukavutana wiki nzima. Ikatoka kwamba tatizo lake si wanywaji. Baba alikuwa hai, amepooza upande mmoja, mama akimlisha kwa kijiko, na kaka hakutaka majirani wasikie habari zile redioni. Nikamwambia majirani walijua tangu zamani, wao ndio waliokuwa wakiongeza sauti ya redio zao wakati mama analia. Akasema mavi ya kale hayanuki. Nikamwambia haya yananuka, na anayeziba pua ni yeye.

Jumapili iliyofuata, kabla sijafungua mdomo kuimba ubeti wa pili, kaka akasogea kwenye maiki yake akaimba mwenyewe: Jirani akishika mkanda, mkewe anavua hereni. Kilabu kililipuka kwa kicheko. Habari za jirani nani asiyezipenda? Wakaupokea, wakaurudia, wakapiga makofi. Jamaa mmoja akavua mkanda wake akaanza kumfukuza mwenzake kuzunguka mabenchi, na mwenzake akajifanya anavua hereni, na wanawake wakacheka mpaka wakaegemeana.

Walikuwa wanacheza kipigo cha mama yangu. Nilinyanyua stendi ya maiki nikampiga nayo kaka begani, na nilisikia mfupa. Nilitaka kuusikia. Akaanguka na gitaa lake, akainuka na waya wake, akauzungusha shingoni kwangu na kuvuta mpaka kilabu kikawa cheusi. Nikamng'ata mkono. Akanishika nywele akanigonga mdomo kwenye kona ya spika, mara moja, tena, na jino likatoka. Mpiga ngoma wetu, Msukuma wa Usangu aliyezoea kutenganisha mafahali, ndiye aliyetubeba mmoja huku mmoja kule. Wanywaji hawakuacha kuimba habari za jirani.

Huyo Msukuma ndiye aliyempigia mama simu. Kesho yake mama akashuka kwenye basi pale Ipogolo na mfuko wake, akapanda mpaka chumba chetu cha mazoezi. Akatazama mdomo wangu uliovimba, akatazama mkono wa kaka uliofungwa kwa kanga shingoni, hakutupa pole. Alitaka kusikia wimbo uliotufanya tutake kuuana. Nikamwimbia ubeti wangu, kisha kaka akaimba wake. Mimi nilitegemea atalia. Kaka, nadhani, alitegemea ataukataza.

"Huo wa kwanza," mama akasema. "Mje muupige nyumbani. Na yeye asikie."

Bega la kaka lilipopona kidogo tukaenda Mbeya. Baba alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, na mama ameketi kando yake na bakuli la uji. Kaka akaweka gitaa mapajani. Nikaimba. Baba alinitazama kwa jicho moja zima, na nilipofika kwenye hereni uji ukamtoka mdomoni. Mama akamfuta taratibu kwa ncha ya kanga.

"Rudieni," akasema.

Tukarudia. Mkono wa baba uliokuwa mzima, mkono uleule, ukaanza kupanda juu ya blanketi kuelekea usoni, akitaka kujifunika. Haukufika. Ukaangukia kifuani. Mama akachota kijiko kingine, akakipoza kwa pumzi, akamlisha.

"Rudieni."

Nimemchukia mtu yule maisha yangu yote, na nasema wazi kwamba nilimwonea huruma. Machozi yalikuwa yakimtoka upande mmoja tu wa uso. Nilimtazama kaka; alikuwa ameinamia nyuzi zake. Nikaimba: Jirani akishika mkanda. Vidole vya kaka vikapotea, gitaa likanyamaza.

Mama akaweka bakuli chini.

"Jirani hakunipiga," akasema. "Imba vizuri."