Gunia Chini ya Kiti cha Mama

Navalayo Shikanga alikuwa na sheria moja ya kazi: mahali ambapo sumaku haishiki, hapapakwi rangi. Sumaku yenyewe aliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaivisha kitambaa isikwaruze bodi, na kila asubuhi aliipitisha juu ya gari polepole kama nesi anayetafuta mshipa. Ikishika, chini kuna chuma. Ikianguka, chini kuna fila, ule uji wa kemikali unaokauka na kuficha shimo. Fila haina dhambi. Ikipakwa nyembamba juu ya chuma kizima, husawazisha mabonde ya nyundo. Ikipakwa juu ya kutu ni uongo, na wengi wetu tumewahi kuuziwa uongo huo ukiwa unang'aa.

Ufundi wa bodi aliusomea katika chuo cha ufundi kijijini, msichana pekee darasani. Alifanya kazi miaka kumi na sita katika gereji moja mjini Kakamega, akaachishwa kwa kukataa kuficha kutu ya gari la kubeba watoto wa shule. Ndoa yake ya kule Matungu nayo ilikuwa imevunjika. Akarudi kwao Khayega akiwa na miaka arobaini na minne, na baba yake akamwonyesha kipande cha shamba kando ya boma. Hapo alijenga nyumba ya vyumba viwili na kibanda cha kazi. Mzee hakuandika popote kwamba ni pake. Aliona neno lake linatosha. Hapo alikosea, nami nasema hivyo nikiwa namheshimu.

Mzee Shikanga alipofariki aliacha gari lake, Pijo 504 la mwaka wa 1978. Lilikuwa limelala nyuma ya jikoni miaka kumi na moja, kuku wakitagia ndani ya buti la mizigo. Navalayo alilivuta hadi kibandani kwake. Alikata chuma kilichooza, akachora vipande vipya kwenye makaratasi ya unga, akavikata katika bati nene, akavigonga juu ya kipande cha reli hadi vikapata mviringo wa vile vya zamani, kisha akavichomelea. Madigadi peke yake, yale mabati ya juu ya magurudumu, zilimla miezi mitano. Waendesha boda boda walimbatiza Mama Bati.

"Mama Bati, hiyo gari itatengenezwa ama itafufuliwa?" mmoja alimuuliza.

"Ikifufuka wewe ndio wa kwanza kukanyagwa."

Agosti mwaka wa 2023 familia ilipanga makumbusho ya mzee. Protus, kaka yake mkubwa anayefanya kazi Nairobi, alichapisha programu. Ilisema kwamba baada ya ibada Mama Edah, mjane wa marehemu, atatoka kanisani hadi nyumbani ndani ya Pijo la mumewe, na picha ya mzee ikiwa mbele kwenye boneti. Programu zilikuwa tayari kabla ya mtu yeyote kumuuliza aliyekuwa akilitengeneza.

"Madigadi zimeisha," Navalayo alimwambia kwa simu. "Sakafu bado. Chini ya kiti cha abiria naona nyasi."

"Weka kitu hapo."

"Kitu gani?"

"Wewe ndiye fundi, dada."

"Basi fundi amesema bado."

Ijumaa, siku moja kabla ya makumbusho, alikwenda mjini kutafuta bati la sakafu. Aliporudi saa tisa alikuta Protus amefika na fundi wake. Pijo lilikuwa la buluu tupu, limesimama mbele ya nyumba ya mama, kiti kimefungwa, zulia jipya limetandikwa. Mama Edah alikuwa ameketi akilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anatabasamu.

Navalayo alikwenda moja kwa moja kwenye Pijo. Aliinua zulia, akaweka sumaku chini ya kiti. Ikateleza. Akasukuma kwa bisibisi, nayo ikazama. Alipovuta, kilitoka kipande cha gunia la sukari kilichoganda kwa fila. Kiti ambacho mama yake angekalia kesho kilikuwa kimefungwa kwa bolti mbili juu ya gunia.

"Ni kilomita mbili tu," Protus alisema. "Na nitaendesha polepole."

"Mama ana kilo themanini."

"Sabini na nane," Mama Edah akasema.

"Mama, hii tuachie. Navalayo, kesho watu mia tatu wako hapa. Unataka waone gari la baba lina viraka?"

"Waone. Viraka vyangu vinashikanga. Kazi yako imeshikwa na gunia."

Protus akashusha sauti. "Jumapili wazee wa ukoo wanatugawia mashamba. Mtu akiharibu siku ya baba, mimi sitamtetea. Na wewe uliolewa ukarudi. Hapa umekaa kwa huruma tu."

"Nimesikia."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo songa, cheche zisikuchome."

Akachomeka mashine ya kusaga chuma kwenye umeme wa nyumba ya mama yake. Yule fundi wa Protus akafungua bolti mwenyewe.

"Mama, kiti niweke wapi?" akamuuliza Navalayo.

"Kwa nyasi."

Kufikia jioni fila na rangi ya buluu vilikuwa vumbi na sakafu ilikuwa wazi kama ilivyokuwa. Wapo waliosema angengoja Jumapili. Ni watu wale wale wanaotaka kila ubaya ungoje wageni waondoke. Mama yake angekalia lile gunia Jumamosi. Kulikataa Jumapili kungemfaa nani?

Siku ya makumbusho Pijo lilibaki kibandani. Mama Edah alitoka kanisani kwa miguu, ameshika mkono wa binti yake, akipumzika mara tatu njiani. Protus alisimamisha gari lake jipya kando yao, akafungua mlango.

"Mama, panda."

"Programu yako imesema nitapanda la baba yako. Kama halipo, miguu ninayo."

Majina ya watoto wa marehemu yaliposomwa mbele ya wageni, la Navalayo halikusomwa. Jumapili wazee walimpa Protus kile kipande kilicho kando ya boma na kumpa Navalayo siku thelathini ahame. Sheria ya nchi haimnyimi binti urithi, naye anaijua, lakini amesema hatamburuta mama yake kortini angali hai. Alipanga chumba na uwanja mdogo sokoni, akalipeleka Pijo huko kwa kuvutwa, na mwezi wa Novemba akamaliza sakafu kwa bati zima.

Kule kukataa kulimgharimu nyumba yake ya vyumba viwili, kibanda chake, na ardhi aliyoonyeshwa na baba yake. Kaka yake hajamsemesha tangu siku hiyo.