Alpaka wa Maman Neema

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa bado msichana mgeni hapa Brussels. Nilipanda basi kutoka Ixelles hadi Auderghem kuwafuata Tonton Bahati, ndivyo tulivyomwita mjomba kwa Kifaransa, na mkewe, Maman Neema, twende kanisani pamoja. Wewe na mume wako mnasema mnataka kufuga alpaka. Basi kaa nikusimulie habari za watu hao, kwani mimi sijaona wafugaji kama wao.

Kule kwao Masisi, Kongo, Tonton alikuwa na ng'ombe wengi. Vita vikawamaliza wote, naye akaapa kwamba hatafuga tena. Hapa alipata kazi ya kusafisha ofisi. Maman Neema alimtunza mzee mmoja Mbelgiji mwenye malisho karibu na msitu, na mzee huyo akamruhusu kuyatumia. Maman akanunua alpaka wawili majike, mmoja ana mimba. Ni wanyama wapole, wenye shingo ndefu na manyoya laini kuliko ya kondoo. Wenzetu kanisani walimcheka sana, wakauliza kama nyama ya alpaka inalika. Naye alicheka pamoja nao, kisha akarudi kwa wanyama wake.

Tonton alijenga uzio, akabeba nyasi kavu, akapasua barafu kwenye ndoo za maji. Lakini kuingia ndani, hapana. Alisimama nje tu, mikono mfukoni.

Jumapili hiyo tulipita malishoni kabla ya ibada, tukakuta yule mwenye mimba amezaa. Mtoto amelala topeni, anatetemeka, hawezi kusimama. Maman Neema alianza kumkausha kwa shali yake. Mara nikamwona Tonton anaupanda uzio.

"Tonton, acha," nilimwambia. "Huyu atakufa tu. Utaumia bure."

Alinitazama, wala hakukasirika, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao. "Mutoto yangu, kama naogopa kuumia, bon, hata batoto yangu singebazala. Kuya, shika kichwa."

Nikashika. Alipiga magoti kwenye tope na suti yake ya ibada, akamsugua mtoto mgongo huku akimnong'oneza maneno aliyokuwa akiwaambia ndama wake kule Masisi. Maman alikamua maziwa ya kwanza ya mama, akamdondoshea mdomoni kidogo kidogo. Kanisani hatukwenda tena. Ilipofika mchana mtoto akasimama, akaanguka, akasimama tena, akalifikia ziwa la mama yake. Tonton akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Maman akamshika mumewe mkono. "Alors, papa," akasema, "umerudi."

Leo malisho yale yana kundi zima, na watoto wa Tonton na Maman ndio wanaokata manyoya na kufuma kofia na soksi za kuuza.

Kwa hiyo, mwanangu, anzeni na wachache, lakini msimwache mnyama mmoja peke yake, atadhoofika. Wakiwacheka watu, chekeni nao mwendelee na kazi. Mmoja wenu akiwa na woga, mwenzake asimsukume; amngoje. Na siku mnyama atakapowahitaji, ingieni ndani kwa moyo wote, hata kama mnajua mnaweza kumpoteza.

Mungu awape majani mabichi, mvua ya kiasi na nyumba yenye kelele za watoto. Nendeni na amani.