Nani Kakaa Wapi Katika Albamu ya Baba

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kazini kwangu, hoteli moja ya ufukweni huko Uroa, kutwa nnawapangia wageni vyumba kwenye kompyuta: huyu juu, huyu chini, yule mbali na jenereta kwa sababu analalamika hata kabla hajafungua begi. Basi Baba alipoambiwa na daktari kuwa ana presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwenda haitorudi, mtu wa kwanza kutiwa kazini nikawa mimi.

"Wewe si unawapangia watu usiowajua mahala pa kulala?" akaniambia. "Basi nipangie na hawa wangu, kabla sijapofuka. Siku nikiuliza nani kakaa wapi, mashine inijibu."

Hawa wake ni stempu. Baba alikuwa akikodisha majamvi, sinia na masufuria ya shughuli, za harusi na maulidi. Akiingia nyumba ya watu kutandika, huku anauliza kama wana barua za jamaa zao walio nje, na anatoka na bahasha kuukuu kwapani. Usiku anazirowesha kwenye bakuli, stempu zinabanduka, Mama anagomba kuwa bakuli ni la uji. Mama hayupo tena, Mungu amrehemu. Tunaishi wawili, fleti ya Michenzani, na tangu tuhamie pale Baba alikuwa hajaniomba kitu. Nikasema haya.

Nikapakua programu ya bure ya kuorodhesha stempu. Unaipiga stempu picha kwa simu, programu inaitambua, inaandika nchi, mwaka na hali yake, kisha inazipanga zote kwa nchi. Raha mustarehe. Nilipomaliza albamu ya kwanza nikamsomea Baba ukurasa wa Urusi: askari, askari, askari, mcheza dansi mwenye kigauni cha kupepea, askari.

Baba akainuka kitini. "Astaghfirullahi! Umemtia mtoto wa watu kambini!"

Ndipo nikaifungua ile albamu na kuitazama vizuri. Kumbe miaka yote ile Baba hakuzipanga kwa nchi. Alizipanga kama anavyowakalisha watu kwenye shughuli. Wanaume kurasa za mbele, ukumbini, masultani na marais wameegemea ukuta kwa heshima zao, askari wamewekwa mbali na marais ili pasitokee la kutokea. Wanawake kurasa za nyuma, uwani. Samaki, ndizi na majogoo wote jikoni. Yule mtu wa kwenda mwezini, kavaa kofia kubwa la kioo, hajulikani mume wala mke, kakalishwa ukurasa wake peke yake, barazani.

"Mpaka avue kofia," Baba akasema.

Palikuwa na sanamu moja ya Kitaliana, iko uchi kama ilivyochongwa. Baba kaigandisha kipande cha leso kuanzia shingoni mpaka miguuni. Programu ikaandika: imeharibika vibaya.

"Imesitiriwa," Baba akasahihisha. "Futa uliyoandika."

"Sijaandika mimi, Baba. Imeandika mashine."

"Basi mashine yako haina adabu."

Uwani nako, jamani! Ukurasa baada ya ukurasa ni mwanamke mmoja tu, malkia wa Kiingereza, mwekundu, kijani, buluu, kijana, mtu mzima. Nikamwuliza Baba huyu maskini atazungumza na nani shughuli nzima. Akanijibu kwamba kule pembeni yupo malkia wa Kiholanzi, na hao wa Kiingereza wote hawakosi la kumsema.

Hapo hasira zikanipanda. Nshapoteza likizo yangu yote, mgongo unaniuma, na mtu ananiletea habari za majogoo na jikoni. Nikamwambia, "Baba, dunia nzima inapanga stempu kwa nchi!"

"Dunia nzima haijawahi kunikodi majamvi," akasema.

Akaifunga albamu kwa kishindo, akataka kuirudisha mezani, akaikosa meza. Albamu ikaanguka. Akainama kuitafuta, mkono unapapasa sakafu upande huu na albamu iko upande ule, na wala hakuniita nimsaidie. Roho iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka nauona ule mkono. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaiokota, nikaketi, nikaanza upya.

Kwenye kisanduku cha nchi nikaandika Ukumbini. Programu ikakubali. Nikaandika Uwani, Jikoni, Barazani, ikameza yote bila kuuliza. Yule mcheza dansi nikamtoa kambini, nikamweka uwani karibu na malkia, atakuwa anamchangamsha. Nilipofika mwisho wa majogoo, programu ikanitolea maua ya rangi rangi kwenye kioo cha simu na kunipongeza: katika watumiaji wake wote duniani, hakuna mwenye stempu nyingi za Jikoni kunishinda. Na wallahi ni kweli.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwenye programu ile mambo yako yote yanaonekana na watumiaji wenzako. Haukupita muda nikaletewa ujumbe na bwana mmoja wa Ulaya. Amekusanya stempu tangu utotoni, anasema, za mataifa yaliyokufa na yaliyo hai, na hajapata kusikia nchi inayoitwa Barazani, ambayo inaonekana imetoa stempu moja tu. Je, ni kisiwa? Imepata uhuru lini?

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamsomea Baba nikidhani na yeye atacheka.

"Mjibu kwa uzuri," akasema. "Mwambie Barazani ni mbele ya nyumba, na kahawa ipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikamwandikia hivyo hivyo. Akarudi kuuliza kama viza inatolewa uwanja wa ndege.

Nuru ya Baba ikaisha pole pole, kisha siku moja ikawa haipo. Hakulia. Kila nikiwa nyumbani, baada ya alasiri ananiita, naitika naam, nafungua programu, na yeye anauliza. Nani yuko kushoto kwa yule mwenye kilemba? Nani kampa mgongo rais wa Misri? Namjibu, anatikisa kichwa, uso wake unatulia.

Hata siku moja akanizuia. "Leo usisome. Leo nitakwambia mimi."

Akaweka kiganja juu ya ukurasa, akaanza mwanzo wa ukumbi, na mimi nafuatiliza kwenye kioo. Masultani, sawa. Mfalme mwenye mustachi, sawa. Kila mtu yuko pake. Nikafurahi, wallahi, nikataka kumpigia makofi.

"Halafu mlangoni," akasema, "yule anayecheka."

"Yupi, Baba?"

"Ala! Yule mwenye pengo. Anacheka na kila anayeingia. Kama si yeye, ukumbi wote ule umenuna."

Nikatazama kwenye kioo. Nikatazama albamu yenyewe, ukurasa huo na wa nyuma yake. Mlangoni hapana mtu, karatasi safi, wala alama ya gundi. Nikarudi uwani, nikaingia jikoni, nikatoka barazani. Nani aliwahi kuona stempu inacheka, tena ina pengo?

"Umemwona?" Baba akasema. Mkono wake ukaanza kupapasa ukurasa, unakwenda na kurudi pale mlangoni. Hata kwa daktari sikuisikia sauti yake ikiwa na hofu namna ile. "Hayupo?"

"Yupo, Baba. Yupo hapa mlangoni."

"Anacheka?"

"Anacheka."

"Alhamdulillahi," akasema, akaegemea kiti.

Nikafungua nafasi mpya. Nchi: Ukumbini, mlangoni. Maelezo: mwanamume, ana pengo, anacheka. Hali: nzuri kabisa. Programu ikaniambia stempu hii haina picha, je, nina uhakika ninayo? Nikabonyeza ndiyo.