Binti Hermann na Jina la Kuombwa

Mimi ndiye mwenye kituo cha mafuta pale barabara inapoanza kupanda mlima, kwa hiyo hakuna mtu katika ghuba yetu ambaye sijui anakunywaje kahawa yake. Huyu ninayetaka kusimulia habari zake alikunywa nyeusi, amesimama, huku lile gari lake la kuondoa theluji likinguruma nje na kunijazia duka moshi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akitufungulia mlima majira ya baridi. Jina aliloitwa siku hizo silitaji. Alilivua mwenyewe, na mimi si mtu wa kuokota kilichovuliwa na wenzangu.

Alinieleza asubuhi moja ya vuli, kabla theluji haijaanza, dukani tukiwa sisi wawili tu.

"Hallveig," akasema, "mimi ni mwanamke. Nimejua tangu utotoni. Nimechoka kuficha."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono yake mikubwa imekizunguka kikombe. Mimi nina mdomo mbaya, kila mtu anajua, lakini siku ile nilijitahidi.

"Umechukua muda, mwenzangu," nikamwambia. "Haya, tukuite nani sasa?"

"Bado sijapewa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Huku Iceland mtoto anaweza kukaa miezi bila jina. Anaitwa tu Msichana au Mvulana, na wazazi wanalificha jina mpaka siku ya ubatizo kana kwamba kuna mtu atakayeliiba. Na mara nyingi si wao waliolichagua. Marehemu fulani humjia mama mjamzito ndotoni, anasimama mlangoni na begi lake, anauliza kama kuna nafasi ya kukaa. Mama akiamka anajua kwamba huyo anaomba jina lake liendelee kuishi kwa mtoto. Kumnyima ni kujitafutia balaa. Watu wetu wenye digrii wanazicheka habari hizi mchana kutwa, kisha wanambatiza mtoto kama walivyoagizwa usingizini.

Yeye alitaka aitwe Svava, kama bibi yake mzaa mama. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha kufuma soksi na kumwacha akae jikoni na wanawake, wakati wengine walikuwa wanamtimua nje kwa wavulana. Basi akavuka mlima kwenda kumwomba mama yake, Valborg, aliyekuwa anaishi katika nyumba ya wazee mji wa ng'ambo. Valborg ni mwanamke mkavu. Hakulia, hakumfukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akajibu, na mwanawe akaja kunisimulia jioni ileile neno kwa neno.

"Svava alishakuja zamani," mama alisema. "Alimjia dada yangu, akaomba, akapewa. Binamu yako ndiye Svava. Unataka bibi yako agawanywe kama keki?"

"Basi nitatafuta lingine."

"La dukani? Wewe nimekuzaa mimi. Anayetaka kukaa kwako atakuja kwangu kuniomba. Mpaka hapo sina la kusema."

Nilikasirika. Nikamwambia huyo mama yako amekataa, ila amekataa kwa adabu. "Fungua kompyuta ujiandikishe jina unalolipenda, ni dakika chache. Siku hizi hakuna anayekuzuia."

"Ninyi wote mmepewa," akanijibu. "Mimi nijichukulie kama soseji kwenye kaunta yako?"

Mimi mwenyewe nina jina la shangazi aliyekufa kwenye maporomoko ya theluji, na sijawahi kuishi hata siku moja bila kujua kwamba kuna mtu alinitaka.

Kwa hiyo akaingia majira ya baridi bila jina. Watu walitaka kumwita kitu, na kwa kuwa baba yake marehemu aliitwa Hermann, wakaanza kumwita Binti Hermann. Kwa mgeni linasikika kama jina kamili. Kwetu sisi jina la baba ni mkia tu. Hata rais tunamwita kwa jina lake la kwanza. Kumwita mtu Binti Hermann ni kumwita kwa mgongo, na yeye aliitika tu.

Kila asubuhi, akishafika juu ya mlima na gari lake, alimpigia mama yake simu.

"Umelalaje, mama?"

"Kama gogo."

"Umeota?"

"Sikuota."

"Haya, mama. Barabara iko wazi."

Nayajua haya kwa sababu aliyarudia mbele yangu kila alipoteremka kunywa kahawa, akiiga sauti kavu ya Valborg. Mwanzoni tulicheka. Kufikia Krismasi aliacha kuiga, na mimi niliacha kuuliza.

Upweke wake ulikuwa wa aina ambayo huwezi kumlaumu mtu mmoja. Hakuna aliyemtukana. Watu waliokuwa wakipiga simu kusema, "Habari za asubuhi, fulani, mlima unapitika?" sasa walianza moja kwa moja: "Mlima vipi?" Waliogopa kukosea, wakaona heri wasiseme. Kwenye bwawa la maji ya moto, ambako mambo yote ya kijiji yanaamuliwa watu wakiwa wamezama mpaka shingoni, aliacha kwenda. Kuna chumba cha kuogea cha wanaume na cha wanawake, na ilibidi apite katika kimoja. Hakuna aliyemkataza. Ila hakuna aliyemwambia njoo, nikiwemo mimi, ninayekaa humo kila Jumamosi.

Kisha ikaja sherehe ya katikati ya baridi. Tunakusanyika katika ukumbi, kila nyumba na sinia lake la vichwa vya kondoo na papa aliyeozeshwa makusudi, na kamati inapanda jukwaani kutukejeli mmoja mmoja kwa mambo yote ya mwaka uliopita. Hakuna anayesalimika. Mchungaji alikejeliwa kwa kusinzia katika mazishi. Mimi niliigizwa na mwanamume mwenye ndevu, amevaa aproni yangu, anawauzia watalii umbea kwa kilo. Hata mbwa wa jirani yetu Ögmundur alikejeliwa. Watu walilia kwa kucheka.

Binti Hermann alikuja amevaa gauni la bluu, gauni lake la kwanza kuvaa mbele ya watu, na alikuwa amejitengeneza nywele. Alikaa mwisho wa meza yetu. Niliona jinsi anavyojiandaa kila kichekesho kipya kilipoanza, uso tayari, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Mwaka uliotangulia walimkejeli kwa kuwa alikwama na gari lake la theluji kwenye theluji aliyoisukuma mwenyewe. Safari hii kamati ilimaliza, ikainama, ikapigiwa makofi. Hawakumgusa.

Nilimfuata mwenyekiti wa kamati jikoni. "Mmemsahau?"

"Hatukumsahau," akasema, na kweli alikuwa na huruma machoni. "Tulijadili wiki nzima. Hatukutaka kumuumiza."

Niliporudi alikuwa anavaa koti. "Hallveig," akaniambia, "hata mbwa." Akaenda zake. Kiti chake kilibaki kitupu, na watu wakaanza kucheza dansi, na mimi niliyekejeliwa kama wengine nilijiona mnyonge.

Baada ya hapo aliendelea kupiga simu zake, lakini maswali yalifupika. "Umeota?" "Sikuota." Akakata. Siku moja mwishoni mwa Machi, baada ya dhoruba kufunga mlima, alinywa kahawa yake akaniambia kwamba hii ndiyo wiki ya mwisho. "Kama hakuna anayenitaka, nitachukua lolote. Jina ni jina." Alilisema kwa wepesi, na sikumwamini hata kidogo. Alipanda gari akaenda kuufungua mlima.

Alirudi mchana. Nyuma yake, taratibu kama ng'ombe anayefuata mchungaji, lilikuja gari la mikate kutoka mji wa ng'ambo. Dereva akazunguka, akafungua mlango wa abiria, na akamteremsha Valborg, kofia ya sufu mpaka nyusi, mkoba mikononi.

"Mama?" Binti yake alikuwa bado ameshika mlango wa duka. "Nani amekutoa?"

"Nimejitoa. Nimeutazama mgongo wa gari lako mlima mzima. Unaendesha vizuri. Ingia, baridi inaingia."

Nilimvutia Valborg kiti, akakikataa. Alibaki amesimama pale penye mkeka wa kupangusia viatu.

"Umeota," alisema binti yake.

"Sijaota. Tangu mwaka mpya nimeacha vidonge vya usingizi. Manesi wananigombeza. Nalala mlango wazi. Nimewaita kwa majina, shangazi zako, dada yangu, hata yule mama mkwe wangu niliyekuwa simpendi. Kimya. Sijui wamekataa au wamechoka, mimi sijui."

Binti Hermann aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshajiandaa kwa hilo majira yote ya baridi, na bado liliuma. Niliona linavyouma.

"Haya, mama. Asante kwa kujaribu. Kaa nikuletee kahawa."

"Sijamaliza. Nilifikiri, basi nikifa nitakuja mwenyewe. Lakini nitamjia nani? Mwenye haki ya kukuotea ni mimi, na siwezi kujigongea mlango mwenyewe." Valborg aliushika mkoba wake kwa mikono miwili mbele ya tumbo. "Kwa hiyo nimekuja macho wazi. Nauliza kama kuna nafasi ya kukaa kwako."

Dereva wa mikate alivua kofia. Mimi nilikuwa na birika mkononi na sikujua niliweke wapi.

Binti yake aliuachia mlango, akamsogelea. "Na wewe, mama? Ukishanipa, utaitwa nani?"

"Kule wananiita mpenzi. Mpenzi, kula. Mpenzi, geuka tukufute. Wewe unaniita mama, na ni sawa. Lakini tangu Hermann afe hakuna mtu aliyetamka Valborg mbele yangu. Walionijua kwa jina hilo wote wako chini. Limekaa tu, halina kazi."

"Nafasi ipo," akasema yule mwanamke mkubwa mwenye buti za theluji, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Nafasi ipo tele."

"Basi niite kwanza. Mara moja tu, nilisikie kabla sijalitoa."

"Valborg."

Mama yake alifumba macho. "Tena," akasema.