Gari Jipya Lilikuwa Linakunywa Oili, na Mimi Nilijua

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Wenzangu wa rika langu wakieleza miaka ile husema, "Ilikuwa Serikali, ilikuwa jeshi." Mimi sina njia hiyo. Mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Nilikuwa dereva wa meja mmoja hapa Kampala, miaka ya sabini, wakati wa utawala wa wanajeshi. Sisi Wanubi tulipata kazi hizo kirahisi, babu zetu walikuwa askari na Kiswahili tulikinyonya na maziwa ya mama. Nilikuwa na mke na watoto wawili wadogo. Nilikuwa na shati jeupe na viatu vinavyong'aa, na nilijiona mtu.

Siku moja meja akapewa gari jipya. Zawadi kutoka juu, wenyewe mnaelewa. Viti bado vimevishwa nailoni. Alilizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akanitupia ufunguo.

Fundi wangu alikuwa Mkongo, jina lake Bahati. Gereji yake ilikuwa uwanja tu wa vumbi kule Nsambya, karibu na nyumba za watu wa reli. Lakini alikuwa zaidi ya fundi. Mwanangu wa pili alipougua surua, petroli hakuna mji mzima, Bahati ndiye aliyembeba mgongoni kupanda mlima mpaka hospitali ya misheni. Mtoto yule leo ana wajukuu.

Wiki ya pili nikavuta kijiti cha kupimia oili. Imeshuka! Nikashtuka, nikakimbilia kwa Bahati. Akafungua boneti, akatandaza magazeti chini ya injini, tukakaa tukala mihogo. Tulipotazama, magazeti yalikuwa makavu. Akacheka.

"Haivuji, ndugu yangu. Inakunywa. Moteri ni mupya, ringi za pistoni hazijakaa bado. Ni kama mutoto muchanga, uache anyonye. Kila asubuhi tazama kijiti, ikipungua unaongeza. Ikifika maili elfu tatu, itaacha yenyewe. Lakini umwambie meja mapema, asije akashtuka."

Umwambie meja mapema! Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Jioni ile, nilipokwisha kulirudisha gari, nilikwenda nimejiandaa kumwambia, wallahi. Nikamkuta kwake mtaa wa Bugolobi, nje ya nyumba yake, amesimama na wenzake watatu, gari katikati yao.

"Gari ya zawadi hapana kuwa na ugonjwa," anawaambia kwa Kiswahili chake cha kambini. Akaniona. "Dereva! Iko na ugonjwa?"

Sasa wewe fikiri. Zawadi imetoka juu. Kusema ina kasoro ni kumsema aliyeitoa. Na wale watatu wananitazama.

"Hapana, afande," nikasema. "Oili yake hata tone moja haishuki."

Wakacheka, wakafurahi. Mmoja akanipa sigara. Nikaivuta palepale, tamu.

Basi nikawa nimejifunga mwenyewe. Siku zile madukani hakuna kitu. Sukari, sabuni, chumvi, oili, vyote ni vya magendo. Jeshi lilikuwa na oili, lakini lazima niombe kwa meja. Utaombaje oili ya gari ambalo hata tone halishuki? Bahati akawa ananimiminia kidogo kidogo kutoka akiba yake, kwenye chupa ya soda. "Umeshamwambia?" ananiuliza. "Bado, kesho." Kila siku kesho.

Halafu zikaja safari za Jinja na Entebbe, mfululizo. Nikaacha kutazama kijiti. Siyo kwamba nilisahau. Niliogopa kukitazama.

Ndipo siku moja asubuhi, tukirudi kutoka Jinja, taa nyekundu ikawaka mbele yangu. Meja yuko nyuma anasoma gazeti. Nikasimamisha gari. Akashuka, akakivuta kijiti mwenyewe. Kikavu!

Alinitazama. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Wewe nasema hata tone haishuki. Sasa oili nakwenda wapi?"

Mtu mwingine angesema, "Nisamehe afande, nilikudanganya, gari jipya hunywa oili." Labda ningepigwa makofi. Labda ningewekwa ndani. Labda zaidi, sijui, na sitajua kamwe kwa sababu sikujaribu.

Nilisema hivi: "Afande, mwenye kufungua boneti ni fundi peke yake."

Basi. Sikusema ameiba. Watu wengine hujifariji kwamba angalau hawakusema uongo. Mimi hata hilo sina, kwa sababu boneti nilikuwa naifungua mwenyewe pia.

"Fundi wa wapi?"

"Nsambya, afande."

"Peleka mimi."

Kituo cha petroli kilikuwa hatua chache tu. Meja alitaja cheo chake, ikaletwa oili debe zima. Kumbe kuomba kungechukua dakika moja! Akaingia ofisini mwao, akapiga simu. Tulipofika Nsambya, nyuma yetu kulikuwa na gari lingine na watu wawili.

Ilikuwa mchana, jua kali. Bahati akatoka chini ya lori akijifuta mikono kwa kitambaa. Akaniona mimi kwanza, akatabasamu.

"Karibu ndugu! Inakunywa bado?"

Wale wawili walikuwa wameshamshika. Hawakumuuliza neno. Walimkokota kuelekea buti ya nyuma ya gari lao, kiatu kimoja kikamtoka. Bannange, jamani, hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Ndugu yangu, uwaambie! Uwaambie inakunywa!"

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Nikatazama saa ya mwendo. Ilikuwa sifuri. Niliitazama mpaka buti ikafungwa.

Bahati hakurudi.

Siku ya tatu mkewe, Mama Furaha, akaja nyumbani kwangu. Mke wangu akamkaribisha chai, isiyo na sukari. Yule mama hakujua kitu. Majirani walikuwa wamemwambia tu kwamba na mimi nilikuwepo, akadhani nilikwenda kumtetea.

"Shemeji, wewe unakaa na wakubwa," akaniambia. "Utuulizie."

"Nitauliza, shemeji."

Sikuuliza. Si siku ile, si siku nyingine yoyote.

Alipoinuka kuondoka akatoa mkebe ndani ya kikapu, umefungwa kwa kitambaa. "Baba Furaha alikuwa amekuwekea. Alisema ni ya ile gari yako mupya, usihangaike kuomba." Ilikuwa oili. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Wiki mbili baadaye oili ikashuka tena. Ingeachaje kushuka? Fundi hayupo, boneti hakuna aliyeigusa ila mimi, na oili inashuka. Meja angekiona kijiti siku ile, angejua. Kwa hiyo hakukiona. Kila asubuhi, kabla hajamaliza chai, nilikuwa nimeshapima na kuongeza. Sikukosa hata siku moja, nikawa dereva hodari. Na niliongeza kutoka mkebe wa Bahati. Nilificha haki ya mtu yule kwa oili yake mwenyewe.

"Wewe naona?" meja akaniambia siku moja. "Mwizi nakwisha, oili nakaa."

"Ndiyo, afande."

Lilipofika maili elfu tatu na kidogo, nikavuta kijiti. Kimejaa. Kesho yake kimejaa. Wiki nzima kimejaa! Lilikuwa limeacha, lenyewe, kama alivyosema. Nilingoja nilie, machozi hayakuja. Nikafunga boneti nikaosha gari.

Mama Furaha alichukua watoto wake akarudi Kongo kwa lori la mizigo. Alinishukuru kwa kujaribu. Serikali ile ikaanguka, meja akakimbia, mimi nikabaki. Nimeswali, nimefunga, nimefiwa na mke. Watu wanasema nina roho ngumu kwa kuwa silii msibani. Hawajui. Hakuna kitu huku ndani cha kulia nacho.

Ninyi vijana mnaoendesha wakubwa, sikieni. Mkubwa akikuuliza kama kuna kasoro, sema ipo. Sema siku ileile, mbele ya wenzake, hata kama wanakucheka. Ule uongo mdogo wa kumfurahisha mkubwa hauishi pale unapousemea. Utakufuata, na siku utakapotakiwa kuulipa, utatafuta mtu wa kumpa. Na utampa aliye karibu nawe zaidi, aliyembeba mwanao.

Sijui kama Furaha, binti wa Bahati, yu hai, wala kama anasoma gazeti hili. Kama anasoma: baba yako hakuwa mwizi, mwanangu. Na yule shemeji wa mama yako, yaani mimi, hakuuliza popote.

Bahati, ndugu yangu, nimechelewa. Lakini leo nimewaambia. Ilikuwa inakunywa.