Émérance na Askari wa Salamabila

Émérance alikuwa mshonaji wa nguo pale Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Mume wake, Alain, aliuawa na watu wenye bunduki kwenye njia ya Kabambare, na tangu siku hiyo kila mshindo ulimshtua, hata mlango ukibamizwa na upepo. Kwa hiyo jirani yake Faida alishangaa kumwona Jumapili mchana amevaa kitenge kipya, anakwenda uwanja wa mpira kusikiliza rock.

"Muziki wa makelele vile, utauweza?"

"Nimechoka kuogopa makelele, dada. Leo naenda kuyazoea."

Wanamuziki walikuwa vijana wanne wa Kasongo waliojiita Radi Kavu. Walifika kwa pikipiki, gitaa zimefungwa mgongoni, matope mpaka kwenye nyusi. Magloire, mwimbaji wao, alipopiga gitaa mara ya kwanza, Émérance aliziba masikio. Kisha ngoma ikaingia. Wachimba dhahabu wakaanza kuruka, vumbi likapanda, naye akajikuta anapiga kelele pamoja nao, machozi yanamtoka, kifua kimekuwa chepesi.

Hapo ndipo askari mmoja, amelewa chakari, alipopanda jukwaani na kudai wimbo wa kwao.

"Chef, huo hatuujui," Magloire alisema.

Askari akageuza bunduki, akampiga mdomoni kwa kitako chake. Damu ikaruka juu ya gitaa.

Uwanja mzima ulinguruma. Watu walimnyang'anya bunduki, wakamburuta chini, mawe yakaanza. Émérance aliinama, akaokota nusu tofali, akalirusha kwa nguvu zake zote. Lilimpata askari juu ya sikio, akaanguka. "Muueni!" alipiga kelele Émérance, na alifurahi, alifurahi kweli.

Walimpiga mateke na mipini ya sepetu. Mtu alimkanyaga mkono mpaka mfupa ukalia. Kisha jenereta ya muziki ikakohoa, ikazima: bido ya esansi, dumu la petroli yake, imechukuliwa. Magloire alikuwa anawasihi waache, lakini mikro ya kuimbia ilikuwa imekufa, na mdomo wake umevimba.

Aliyebeba bido alikuwa Nourdine, mdogo wake Alain. Akammwagia askari esansi yote, akatoa kibiriti.

Émérance aliona damu ikichuruzika pale tofali lake lilipopiga. Akapenya kwa viwiko, akala fimbo ya bega, akaangukia juu ya yule askari. Esansi ikalowesha kitenge chake.

"Shemeji, toka!"

"Sitoki."

"Wenye bunduki walimumaliza kaka yangu, na wewe unamulalia huyu?"

"Nimemupiga tofali mimi mwenyewe, Nourdine. Alain amerudi? Washa basi. Tuungue wote wawili."

Nourdine alishikilia njiti juu ya kibiriti. Aliitupa bila kuiwasha, akamzaba Émérance kofi lililompasua mdomo, akaondoka akilia. Mmoja mmoja, wenye mipini wakarudi nyuma.

Risasi zikalia. Askari wenzake walikuja wakipiga ovyo, na wachimbaji wawili wakapigwa miguuni. Walimkuta Émérance amemlalia mwenzao, wakadhani ndiye muuaji. Walimvuta kwa nywele, wakampiga mateke ya mbavu, mpaka Magloire akajitupa katikati akipaza sauti, "Huyu ndiye aliyemuokoa! Muacheni!"

Askari yule alipona, akahamishwa. Hakutuma hata salamu. Sokoni wengine walimwita Émérance muke wa askari, na wateja wakapungua kwa muda. Mbavu zilimuuma kila alipoinama kwenye cherehani.

"Unajuta?" Faida alimuuliza siku moja.

"Najuta tofali," alisema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Juzi mke wa Nourdine alileta suruali ya mumewe iliyochanika goti. Émérance aliishona vizuri, akaikunja. Nourdine mwenyewe bado hajakanyaga mlangoni kwa Émérance.