Nilivyogeuka Shemeji Nyumbani Kwangu

Mume wangu alinifungia mlango mchana kweupe, kisha akanisalimia kupitia dirishani kama mtu anavyomsalimia mpita njia.

"Mwadila, mayu," alisema, salamu ya Kisukuma anayopewa mama yeyote.

Nilikuwa nimetoka sokoni Bariadi na kikapu cha dagaa kichwani, jua limenichoma, hasira ziko karibu. Nikamwambia afungue. Akakataa kwa adabu.

"Mke wangu yuko shambani. Siwezi kumkaribisha mwanamke ndani naye hayupo. Watu watasemaje?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mke ambaye alikuwa akimlindia heshima namna ile ni mimi mwenyewe.

Miaka mingi nyuma, msimu wa pamba, alianguka kutoka juu ya lori akipanga marobota. Alizimia, akazinduka, akashonwa kisogoni, na haukupita muda mrefu akarudi kazini. Tulichinja mbuzi kushukuru. Tulidhani kidonda kikishafunga, basi, yamekwisha. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyenioa. Hakusikia tena harufu, hata chakula kikiungua mbele yake. Sauti ya redio ilimpandisha hasira. Yeye, ambaye hata ng'ombe hakumchapa bila sababu, alinizaba kibao mbele ya watoto kwa ajili ya kijiko kilichoanguka. Asubuhi yake akaniuliza uso umepatwa na nini. Swali lile liliniuma kuliko kibao. Vilifuata vibao vingine, na mimi niliendelea kusubiri aniombe radhi kwa jambo asilolijua.

Ndugu zake wa kijijini Sapiwi walisema amelogwa. Usahaulifu ulipoanza, daktari alituambia kwamba ubongo ulioumia vile unaweza kuendelea kudhoofika polepole kwa miaka, na kwa nje mtu anaonekana mzima. Nikamuuliza: basi aliyekuwa akinipiga ni nani, mume wangu au jeraha? Akasema hilo hawezi kulijibu. Ninaishi nalo swali hilo, nalala nalo, naamka nalo.

Pale dirishani nilimtajia jina langu. Akasema hata mke wake anaitwa hivyo. Nikamtajia watoto, akawasifu. Mwisho nikamtajia ng'ombe wa mahari yangu, maana Msukuma anaweza kusahau umri wake, lakini si ng'ombe waliotoka zizini kwa baba yake. Nikamwambia yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Dume jeusi lenye doa usoni. Ndama mweupe aliyegoma kuvuka mto hadi akabebwa.

Uso wake ukachangamka. "Kumbe umetoka kwao! Wewe ni mdogo wake! Sasa shemeji, mbona husemi?"

Komeo likafunguka.

Nikaingia kwangu kama shemeji, na kama ilivyo kwa mashemeji, akaanza utani. Akaniuliza kwetu wananilisha nini nikanenepa hivi, na nani atakubali kunioa na mdomo huu. Nikamjibu makali, akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi mkewe hajanichekea hivyo tangu lile lori. Nilimwonea wivu huyo mdogo wangu, ambaye hata hajawahi kuzaliwa.

Nikawasha moto. Akasogeza kigoda karibu, akashusha sauti.

"Shemeji, dada yako ananiogopa. Nikinyanyua mkono, hata kuchukua kikombe, anarudi nyuma. Kuna kitu nilimfanyia. Sikikumbuki, lakini nakiona kwake. Niombee msamaha."

Mwiko ulinitoka mkononi. Maneno yale nilikuwa nimeyangoja mpaka nikachoka kuyangoja, na sasa yalikuwa yamekuja kwa mtu mwingine, nami nikiwa hapo hapo nayasikia.

"Atanisamehe?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Kesho asingekumbuka. Lakini nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, na nilikuwa nimechoka kusema uongo ndani ya nyumba ile.

"Bado," nikamwambia.

Akaitika taratibu. Kisha akabeba kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni akitazama njia ya shambani, amngoje mke wake.